Muhogo, Mkojo na Miguu Iliyofungwa

Zamu yangu ya kuandika historia imefika. Wengine mmeandika juu ya wafalme, vita na mipaka. Mimi nimechagua historia ya mkojo. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho, halafu uniambie.

Nianze na kazi yangu. Mimi ni mtu wa kujitolea, nazunguka nyumba kwa nyumba na fomu. Katika ile fomu kuna swali moja ambalo nimelichoka: tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi, nyumba hii imekula nini? Kuna kipindi mgao ulikuwa umepungua sana. Niliingia kwa mama mmoja, jirani yetu kabisa. Akanijibu bila kusita: uji asubuhi, ugali na maharage mchana, ugali na dagaa usiku. Nikaandika. Lakini mimi nalala pale pembeni. Jana yake jiko lile liliwaka mara moja tu, na harufu ya dagaa sikuisikia. Nyumba ya nne, baba mmoja akaniambia, "Andika siku mbili hatujala kitu." Na mtoto wake alikuwa amesimama mlangoni anatafuna muhogo.

Sikumlaumu hata mmoja. Yule mama aliona aibu, mimi ni sawa na mtoto wake. Yule baba alifikiri nikiandika vile labda wataongeza mgao. Lakini jioni nilipokuwa najumlisha fomu zangu niliona kwamba nimekusanya aibu za watu na matumaini yao, na chakula chenyewe sijakijua.

Ndiyo nikaanza kuuliza: je, hakuna njia nyingine ya kujua mtu amekula nini, na kile chakula kimemfanya nini? Mhudumu mmoja wa lishe akanijibu kwamba ipo. Mwili wenyewe una daftari. Ukila kitu, kuna alama inabaki kwenye damu, kwenye mkojo, kwenye nywele, hata kwenye kucha. Ukila madini joto, yale tunayowekewa kwenye chumvi, sehemu kubwa yake inatoka kwenye mkojo, kwa hiyo mkojo wa kijiji unaweza kuonyesha kama kijiji kinapata chumvi nzuri. Wataalamu wanaziita alama za kibayolojia. Hazina aibu na hazitafuti mgao.

Ule utepe tunaowafunga watoto mkononi na wenyewe ni kipimo cha mwili. Mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yuko hatarini. Lakini utepe unasema tu kwamba mtoto amekonda. Hausemi alikula nini wala kitu gani kilichomdhuru. Kwa hilo lazima uende ndani ya mwili. Na nilipoanza kutafuta historia ya jambo hili nilikuta chakula kilichopimwa namna hiyo ni hiki hiki chetu, muhogo.

Twende kwanza Kongo, lakini si upande wetu wa Kivu. Twende magharibi, Kwango, karibu na mpaka wa Angola. Mwaka 1938, wakati wa Wabelgiji, daktari mmoja Mwitaliano anaitwa Giovanni Trolli alichapisha taarifa juu ya ugonjwa wa ajabu wa sehemu ile. Mtu mzima kabisa, hana historia ya ugonjwa, anaenda shambani au anabeba maji, na ghafla miguu inakakamaa. Wengine walilala wazima wakaamka hivyo. Wanaobahatika wanatembea kwa vidole, magoti yanagongana. Wengine wanahitaji fimbo. Wengine hawasimami tena. Ugonjwa ukishaingia hauongezeki, lakini pia haurudi nyuma. Ulivyokushika ndivyo utakavyoishi. Wayaka wa sehemu ile walikuwa na jina lake tayari: konzo, yaani miguu iliyofungwa. Jina hilo la kienyeji ndilo madaktari wa dunia nzima wanalitumia mpaka leo.

Baada ya hapo konzo ilisahaulika miaka mingi kwenye vitabu. Kwenye vijiji haikusahaulika, maana walioipata waliendelea kutambaa.

Sasa turudi mashariki, karibu na kwetu. Kisiwa cha Idjwi mnakijua, kipo katikati ya Ziwa Kivu. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Kibelgiji, kati yao François Delange na A. M. Ermans, walikwenda Idjwi kwa sababu ya goita, ule uvimbe wa shingo. Wakati huo ilijulikana kwamba goita inatokana na kukosa madini joto. Basi wakapima. Wakakuta jambo la kushangaza: madini joto yalikuwa kidogo kisiwa kizima, lakini goita ilikuwa nyingi sana kaskazini na kidogo kusini-magharibi. Kisiwa kimoja, ziwa moja, upungufu ule ule. Kwa nini shingo za kaskazini zivimbe na za kusini hapana?

Jibu lilikuwa kwenye chakula. Kaskazini watu walikuwa wanakula muhogo zaidi. Na alama ya muhogo ilionekana ndani ya miili yao: kitu kinachoitwa thiosianeti.

Hapa naomba uvumilivu kidogo, nieleze kama nilivyoelewa, maana mimi nimeishia sekondari. Muhogo, hasa ule mchungu, una kitu kinaitwa linamarini. Kikiwa kimetulia ndani ya mzizi hakina shida. Ukikata au ukiponda muhogo, linamarini inakutana na kimeng'enya kilicho kwenye mzizi huo huo, na hapo inazaliwa sianidi, ambayo ni sumu kali. Mmea unajilinda hivyo dhidi ya wanyama. Mama zetu wanajua jinsi ya kuitoa: unavundika muhogo majini siku tatu au nne mpaka unalainika, sumu inatoka na maji na hewa, halafu unauanika. Kama ukiharakisha, linamarini na sianidi zinabaki kwenye unga, na wewe unazila.

Mwili unajitetea. Unachukua salfa kutoka kwenye protini, ile ya samaki, nyama, mayai, maharage, unaibandika kwenye sianidi, na inakuwa thiosianeti, ambayo haina ukali ule na inatoka kwa mkojo. Kwa hiyo ukipima mkojo ukakuta thiosianeti nyingi, ni kama umesoma kwenye daftari: mwili huu siku hizi umekuwa unapambana na sianidi. Na ile thiosianeti nayo ina lawama zake. Inaizuia tezi ya shingo kuchukua madini joto. Ndiyo maana Idjwi ya kaskazini ilivimba shingo. Muhogo usioandaliwa vizuri uliongeza mzigo juu ya upungufu uliokuwepo.

Kumbuka hilo la salfa kutoka kwenye protini. Tutalirudia.

Sasa tuvuke mpaka mpaka Msumbiji, mwaka 1981, mkoa wa Nampula. Nchi ina uhuru wa miaka sita tu, madaktari ni wachache mno. Mji wa Nacala una daktari kijana Mswidi, Hans Rosling. Ukame ni mkubwa. Kutoka wilaya ya Memba, kaskazini mwa Nacala, zinakuja habari kwamba wanawake na watoto wanapooza miguu, wengi kwa wakati mmoja. Wenyeji waliuita mantakassa. Hakuna aliyejua ni nini. Madaktari waliwaza polio, waliwaza virusi vipya, waliwaza sumu.

Hapa kuna kisa ambacho Rosling mwenyewe alikisimulia katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka 2018 baada ya yeye kufariki. Kiongozi wa mji alimuuliza: kama ugonjwa huu unaambukiza, nifunge barabara, basi zisiingie mjini? Rosling hakuwa na uhakika. Lakini hofu ilikuwa kubwa, akakubali kwamba lazima kitu kifanyike. Barabara ikafungwa. Asubuhi yake, kina mama waliokuwa wanasubiri basi na watoto wao, wapeleke bidhaa zao sokoni Nacala, wakaambiwa hakuna basi. Soko ndilo maisha yao. Wakashuka baharini, wakawaomba wavuvi wawapitishe kwa vyombo vyao vidogo. Mawimbi yakavipindua. Kina mama, watoto na wavuvi wakafa maji.

Na ugonjwa ule ulikuwa hauambukizi kabisa.

Niliposoma sehemu hii niliweka simu chini. Sisi tunaoishi kambini tunajua kufungiwa barabara. Tunajua amri inayotoka kwa mtu ambaye ana hofu na ana nia njema. Rosling hakujificha, alikiri na alilibeba jambo lile maisha yake yote. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuandika insha hii. Kupima ni kazi ya kuokoa maisha hata kabla dawa haijafika, kwa sababu asiyepima analazimika kukisia, na makisio ya mwenye madaraka yanaweza kuua.

Baadaye wakapima kweli. Wizara ya Afya ya Msumbiji iliunda timu, akiwemo Rosling na daktari mwanamke kutoka Australia anaitwa Julie Cliff. Walizunguka nyumba kwa nyumba, kama sisi na fomu zetu. Walihesabu wagonjwa zaidi ya 1,100. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Watoto wachanga wanaonyonya hawakuguswa. Walichukua damu na mkojo. Matokeo yalikuwa na sehemu mbili, na zote mbili ni muhimu. Ya kwanza: thiosianeti ilikuwa juu sana. Ya pili: mabaki ya salfa kwenye mkojo yalikuwa chini. Maana yake ni nini? Kwamba watu hawa waliingiza sianidi nyingi, na wakati huo huo hawakuwa na protini ya kuisafisha. Kabila halihusiki, uchafu hauhusiki, laana haihusiki. Ni sumu iliyoongezeka siku zile zile kinga ilipopungua.

Lakini mkojo haukuweza kusema kwa nini. Hilo walilieleza kina mama. Ukame uliua mazao mengine yote, ukabakiza muhogo mchungu peke yake. Na ukame wenyewe unaongeza sumu ndani ya mzizi. Kawaida walikuwa wanauanika juani muda mrefu, lakini watoto walikuwa wanalia. Wakafupisha. Walijua kwamba si vizuri. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko.

Basi wataalamu wakaanza kuunganisha. Mantakassa ya Nampula na konzo ya Kwango ni kitu kimoja, na jina la konzo likabaki kwa zote. Tanzania nayo ikaonekana. Mwaka 1985, wakati wa ukame, konzo ilitokea Tarime, mkoa wa Mara. Mwaka 1988 huko Masasi, kusini, watu walipata sumu ya muhogo kwa wingi. Mtafiti Mtanzania Nicholas Mlingi na wenzake wakafuatilia jinsi kina mama wa huko wanavyoandaa muhogo. Walikuta kwamba zamani watu walitengeneza makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa polepole. Njaa ilipobana wakaanza kutengeneza chinyanya: muhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa, unatwangwa tena, na siku hiyo hiyo au kesho yake unaliwa. Ni akili ya kuokoa nyumba isilale njaa, lakini unga ule ulibaki na sumu nyingi.

Wengine mtasema, haya ni mambo ya ukame. Subiri. Kule Bandundu, nchini kwetu, ambayo siku hizo ilikuwa Zaire, mtafiti Thorkild Tylleskär na wenzake, pamoja na mtaalamu wetu wa lishe Jean-Pierre Banea, walikuta sababu nyingine. Barabara ya lami kutoka Kinshasa ilifika. Kinshasa ni mji wenye njaa kubwa ya muhogo. Malori yakaanza kuja kununua. Mama aliyekuwa anavundika siku tatu, sasa lori linaondoka kesho, akavundika usiku mmoja. Na ule uliobaki nyumbani ulivundikwa haraka vile vile. Pesa iliingia, konzo ikaingia. Damu na mkojo vikaonyesha kitu kile kile kilichoonekana Nampula. Kwa hiyo hata maendeleo, yakija kwa haraka, yanaweza kufupisha siku za kuvundika.

Na vita? Mwaka 1992 na 1993, vita vya Msumbiji vikiwa vinaisha, konzo ilirudi Nampula, safari hii wilaya ya Mogincual. Watu walikuwa wamekimbizwa mashambani. Muhogo mchungu ndio zao la vita, hili wazee wetu wa Fizi na Uvira watakuambia. Unakaa ardhini mwaka na zaidi bila kuoza, nguruwe pori hawaupendi, na mwenye bunduki mwenye haraka anauogopa. Lakini anayelala porini atavundika wapi? Maji ya kuvundikia yako kwenye mto, na mtoni ndiko wanakokuvizia.

Na wakimbizi je? Hapa ndipo nilipojiona mimi mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 2000, watu waliokimbia Jamhuri ya Afrika ya Kati wakaingia mashariki mwa Kamerun, walipata konzo. Wengi wao walikuwa wafugaji, watu wa maziwa na nyama. Ng'ombe waliibiwa au waliuzwa njiani. Wakafika mahali ambapo chakula kinachopatikana ni muhogo. Angalia walichopoteza: protini iliyokuwa inawakinga imepotea, na ujuzi wa kuandaa muhogo hawakuwahi kuwa nao, maana bibi zao hawakuwa watu wa muhogo. Mkimbizi anapoteza nyumba, sawa, hiyo kila mtu anaiona. Lakini anapoteza pia maarifa ya chakula, na hilo halina sehemu kwenye fomu yangu.

Sasa nisiwaache kwenye huzuni tu. Huko Australia, Canberra, mwanakemia Howard Bradbury alitengeneza vifaa vidogo vya kupimia. Ni karatasi ya rangi ya njano. Unaiweka kwenye kichupa pamoja na unga, au pamoja na mkojo, unafunga, unasubiri. Kama sianidi ipo, karatasi inabadilika kuelekea rangi ya kahawia, na unalinganisha na rangi zilizochapishwa kwenye kadi. Huhitaji maabara kubwa. Kijana kama mimi anaweza kufundishwa.

Pia alipendekeza njia rahisi ya kusafisha unga ambao tayari umeshasagwa. Unaweka unga kwenye beseni, unachora alama ndani pale unga ulipofikia. Unaongeza maji huku unachanganya. Unga kwanza unashuka, halafu unapanda. Ukifika tena kwenye ile alama unaacha. Unautandaza kwenye mkeka au ungo, utandu mwembamba usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi inapaa na hewa. Halafu unasonga ugali siku hiyo hiyo. Lakini njia hii haichukui nafasi ya kuvundika. Ni nyongeza, ya kuondoa kile kilichobaki.

Banea na wenzake waliipeleka njia hiyo kijiji cha Kay Kalenda, eneo la Popokabaka, kule kule Kwango ambako Trolli aliandika 1938. Kijiji kilikuwa na wagonjwa 34 wa konzo. Walifundisha kina mama, kina mama wakafundishana. Na hapa mkojo ulirudi kazini, maana swali "je, mnafanya tulivyowafundisha?" lina jibu moja tu mbele ya mgeni: ndiyo, tunafanya. Walipima mkojo wa watoto wa shule kabla na baada. Thiosianeti ilishuka. Na wagonjwa wapya wa konzo hawakutokea. Baada ya zaidi ya miaka 70 tangu jina liandikwe, kijiji kimoja kilionyesha kwamba konzo inaweza kuzuiwa, kwa beseni, mkeka na jua.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa naomba niongee na ninyi kidogo, kwa heshima.

Kipimo cha mwili si mungu. Thiosianeti ya leo inaonyesha siku chache zilizopita, haionyeshi mwaka mzima. Mvuta sigara naye anakuwa na thiosianeti bila muhogo, ndiyo maana watafiti wengine walianza kupima pia linamarini yenyewe kwenye mkojo, ambayo haitoki kwenye sigara. Na wapo watu wenye thiosianeti nyingi ambao hawajapata konzo. Kwa hiyo namba inahitaji mtu wa kukaa chini na kuuliza. Pale Nampula mkojo ulionyesha sumu, mama akaonyesha sababu. Ungechukua mkojo peke yake ungeandika: wanawake hawa hawajui kuandaa muhogo, tuwape semina. Ungekosea. Walijua vizuri sana. Walichokosa ni siku tatu za kusubiri.

Tena, mwili wa mtu si mali ya utafiti. Ukichukua damu ya mtoto wa hapa kambini, rudi umwambie mama yake umeona nini. Mara nyingi tumetoa vidole vyetu vichomwe na majibu hatukuyasikia tena. Watu wanakuwa wagumu siku ya pili, halafu wanaambiwa hawana ushirikiano.

Na ninyi vijana wenzangu, niwaambie kwa nini jambo hili lilinigusa mpaka nikaacha kulala.

Katika kipindi kile kile cha mgao kupungua, mama mdogo aliyenilea alinunua muhogo kwa wenyeji, nusu gunia, mchungu. Aliuvundika kwenye ndoo mbili nyuma ya nyumba. Kesho yake jioni nikamkuta ameutoa, anaupasua kwa kidole na kuuangalia. Ulikuwa bado mgumu katikati. Wadogo zangu watatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanamtazama. Alikuwa anataka kuuanika usiku ule juu ya jiko ili asubuhi autwange.

Nikamwambia, "Mama, bado."

Akanijibu, "Najua ni bado. Mimi ndiye niliyekufundisha. Basi niambie watoto hawa wale nini mpaka keshokutwa."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma habari zote hizi kwenye simu, Nampula, Kwango, thiosianeti, na sikuwa na jibu. Nilitoka nikaenda kwa yule jirani, mama wa dagaa za uongo. Sikumficha, nikamweleza. Alikuwa na unga kidogo wa mahindi umebaki, labda bakuli tatu. Akagawa katikati. Akaniambia, "Mwambie mama yako arudishe muhogo majini."

Tukaurudisha. Siku ya tatu ulilainika, ukavunjika wenyewe mkononi. Mama mdogo akauanika, akautwanga, na nilimwonyesha ile njia ya beseni na alama. Alinicheka, akasema huko kwetu bibi yake alikuwa anautandaza unga juani kabla ya kusonga na hakuna mzungu aliyemfundisha. Jirani yetu tulimrudishia kwa unga wa muhogo, bakuli mbili, uliokauka vizuri.

Kwa hiyo nawaomba jambo dogo. Kila mmoja akifika nyumbani leo amuulize mama, bibi, au shangazi: ninyi mlikuwa mnavundika siku ngapi, na mlijuaje kwamba sumu imetoka? Andika majibu, kwa lugha yenu, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, yoyote. Wale ambao wazee wao hawakuwa watu wa muhogo waulize kwa jirani. Na kama nyumbani umeona ndoo imefunuliwa kabla ya siku yake, usianze kugomba. Tafuta kwanza bakuli la unga.

Mimi kesho narudi na fomu yangu. Swali litakuwa lile lile. Ila safari hii, yule mama akiniambia dagaa, nitaandika dagaa, halafu nitaweka kalamu chini na kumuuliza habari za muhogo wake.